Steki za Jumapili kwa Mwenyekiti

Karibu na Mweiga,
Jumapili jioni, mwezi wa pili

Mama Nasimiyu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umeketi, mtoto amelala na kuni zinawaka bila moshi mwingi. Unaendeleaje tangu ujifungue? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Nasimiyu anakula, ama bado anachagua chakula kama mgeni? Na huyo mdogo ambaye mpaka leo sijamtia machoni, ananyonya vizuri? Mimi mwili wangu ni mzima. Ninakula, ninalala, ninafundisha. Hayo mengine ndiyo nataka kukueleza, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujamjibu dereva aliyekuletea.

Dereva huyo anaitwa Kimani. Ni mtu mwema. Mpe maji anawe, mpe chakula, mwache anyooshe miguu. Atakuwa amekwambia kwamba lori lake limetumwa likuchukue wewe na watoto mje mkae na mimi huku. Hajakudanganya, ni kweli. Lakini usianze kufunga mizigo.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. Uliuliza kwa nini sikuja Desemba shule zilipofungwa, na ukauliza kama nimepata mwanamke mwingine. Hilo la pili nalijibu kwanza kwa sababu ni jepesi. Sina mwanamke. Nikirudi jioni napika viazi vyangu peke yangu, nafua shati langu peke yangu, na ninayezungumza naye ni paka wa jirani. Hilo la kwanza ndilo refu, na najua ukilisoma utadhani nafanya mzaha. Kilichonizuia ni nyama.

Unakumbuka kwamba kabla sijaenda chuo cha ualimu nilifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja upande wa Kitale. Ulikuwa ukinicheka nikikuonyesha jinsi alivyotaka mayai yake. Basi yule mzungu alipenda sana kula nje jua likiwaka. Alikuwa na vipande vinene vya nyama ya mgongo wa ng'ombe, wao huviita steki, na mimi ndiye niliyefundishwa kuvichoma. Nilipopata cheti changu cha ualimu nilidhani kazi ile nimeiacha huko huko pamoja na aproni.

Sasa, mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ni mzee mmoja tajiri. Sisi sote tunamwita Mwenyekiti, hata mke wake. Baada ya Uhuru alinunua shamba la mzungu aliyerudi kwao, pamoja na nyumba, ng'ombe wa maziwa na kila kitu kilichokuwa humo. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa nyasi, na pembeni mwa nyasi mzungu alikuwa amejenga jiko la matofali lenye wavu wa chuma juu yake. Nyumba ninayokaa mimi iko ndani ya shamba hilo hilo, chini kidogo ya zizi. Ni nyumba nzuri ya mbao, haivuji. Alinipa bila kodi nilipofika, nikiwa sijui mtu yeyote huku, na sitasahau hilo. Mabati ya shule yetu pia ni yeye aliyeyatoa. Sikuandikii habari za mtu mbaya, Mama Nasimiyu. Angekuwa mtu mbaya ningekwisha kuondoka zamani.

Ilianza siku ya harambee ya kujenga darasa, mwaka juzi, majira kama haya ya jua. Mwenyekiti alikuwa amewaalika wakubwa fulani kutoka Nairobi, na baada ya michango akawapeleka kwake pamoja na sisi walimu. Vijana wa pale walikuwa wamechinja mbuzi, na mbuzi wanajua kumchoma vizuri sana. Lakini mgeni mmoja alikuwa amekuja na kapu la steki, akasema anataka zichomwe kama alivyozila alipokuwa akisoma Ulaya. Mpishi wa Mwenyekiti alikuwa amekwenda mazishini. Vijana wakazichukua zile nyama wakazirusha juu ya moto unaowaka ndimi, mafuta yakadondoka, moto ukaruka, nyama ikawa nyeusi. Mgeni akaangalia. Mwenyekiti akaona aibu.

Mimi nilikuwa nimesimama na soda yangu. Sijui ni nini kilichonisukuma. Niliweka chupa chini, nikavua koti, nikawaambia wale vijana, "Ngojeni kwanza." Nikayatandaza makaa mpaka ndimi zikaisha na majivu meupe yakafunika. Nikaipangusa nyama iliyobaki ikakauka, nikatia chumvi, nikaiweka, nikaiacha bila kuigusagusa. Nikaigeuza mara moja tu. Nilipoitoa sikuikata, niliifunika kwenye sahani ipumzike. Yule mgeni alipoitia kisu, maji mekundu yakatoka kidogo, akafumba macho akitafuna. Akasema hajala nyama kama ile tangu arudi nchini.

Mwenyekiti akanishika bega, akasema kwa matamshi ya huku, "Mwarimu, kwani wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Nilifurahi. Nataka ujue hivyo pia. Siku ile nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili iliyofuata akaniita tena, nikaenda kama mgeni. Iliyofuata nikaenda. Baadaye nikakuta aproni imetundikwa kwenye msumari karibu na jiko, imepigwa pasi. Hakuna aliyeniambia niivae. Ilikuwa tu pale, na shati langu lilikuwa jeupe, nikaivaa. Tangu siku hiyo sikukaribishwa kuketi. Sio kwa dharau, hapana. Mtu aliye motoni haketi, na wageni walikuwa hawaishi. Nilipewa nyama ya kupeleka nyumbani, tena nyama nzuri, imefungwa katika gazeti.

Jumapili moja mzazi wa mwanafunzi wangu alileta kabichi mlango wa nyuma. Akaniona na aproni na koleo. Akanisalimia kwa heshima, "Habari ya kazi, mwarimu," akaenda zake. Jumatatu niligeuka kuandika ubaoni, nikasikia mtoto mmoja nyuma akimnong'oneza mwenzake, "Mwarimu wa nyama." Wakacheka wakiziba midomo. Sikuwaadhibu. Ningewaadhibu kwa kosa gani?

Mwaka jana niliomba uhamisho nirudi huko kwetu. Ombi la mwalimu linapaswa kupita kwa mwenyekiti wa kamati aandike kwamba shule haina pingamizi. Nikampelekea nyumbani kwake. Akalisoma lote akiwa amesimama, akalikunja, akalitia mfuko wa ndani wa koti.

"Mwarimu, kwani uko na haraka gani? Hapa kuna kitu unakosa?"

"Sikosi kitu, Mwenyekiti. Ni familia. Mke wangu ni mjamzito."

"Hiyo ni baraka. Tutaona." Halafu akacheka, akampigia kelele mke wake aliyekuwa ndani. "Mama Wangui, umesikia? Mwarimu anataka kutuacha. Nani atatuchomea?"

Wakacheka wote wawili. Na mimi, Mama Nasimiyu, nikacheka nao. Ombi langu bado liko katika koti hilo. Nimemwuliza mara nyingi mpaka nimeona haya kuuliza. Mwalimu mkuu nilipomwendea alisema, "Wewe mwombe tu polepole. Mimi siwezi kumsukuma mtu ambaye ndiye aliyetuwekea mabati." Naye ana watoto wake wa kulisha.

Sasa sikia habari ya Desemba. Siku shule ilipofungwa nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku. Nilikuwa nimenunua gauni la Nasimiyu pale Chaka, na blanketi ya mtoto ajaye. Nilikuwa nimesimama barabarani nikingoja gari la Nyeri ili niunganishe la Nakuru. Gari la Mwenyekiti likasimama mbele yangu. Alikuwa ndani mwenyewe, amefurahi kama mtoto. Binti yake mkubwa alikuwa anarudi kutoka ng'ambo pamoja na mume wake, baada ya miaka mingi ya masomo.

"Ingia, mwarimu. Siku moja tu. Kesho Kimani mwenyewe atakupeleka mpaka Nakuru."

Ningesema nini? Niko barabarani, nyumba ninayolala ni yake, ombi langu liko kwake, na anachoniomba ni siku moja ya kumkaribisha mtoto wake. Nikaingia. Ikawa siku moja, halafu jamaa wa mume wakaja, halafu ikawa Krismasi, halafu marafiki wa binti kutoka Nairobi wakasema jua la huku ni zuri, wakae mpaka mwaka mpya. Kila nilipomkumbusha alisema kesho. Sanduku lilikaa karibu na mlango limefungwa, nikawa natoa shati juu na kurudisha shati. Habari kwamba umejifungua mvulana nilizipokea nikiwa pale kwenye makaa. Kimani aliniletea barua ya ndugu yangu kutoka posta. Niliisoma, nikaitia mfukoni, nikageuza nyama ya watu. Shule zikafunguliwa Januari. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikaanza kufikiri namna ya kujitoa. Nikaona, kama ni nyama ndiyo inayonifunga, basi niiharibu. Jumapili iliyopita nilifanya hivyo kwa makusudi. Sikungoja makaa. Niliziweka steki juu ya moto mkali, nikazigeuzageuza, nikazidunga kwa uma mpaka maji yote yakatoka. Zikawa ngumu na nyeusi kama kisigino cha kiatu. Nikazipeleka mezani. Wageni wakatafuna kwa shida. Mume wa yule binti akasukuma sahani kando. Mwenyekiti akanitazama, nami nikajiambia, haya, sasa anifukuze, nitalala Nakuru usiku huu.

Kule mwisho wa meza huketi mama yake Mwenyekiti. Ni kikongwe, kila mtu humwita Cucu, yaani nyanya. Siku zote hukataa nyama zangu kwa sababu ya ule wekundu ndani, na hula viazi tu. Jumapili ile alichukua kipande, akakitafuna pole pole kwa meno machache aliyonayo, akachukua kingine. Akasema kitu kwa Kikuyu na meza yote ikaangua kicheko.

Mwenyekiti akainuka akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na machozi. "Mama amesema, leo ndio mwarimu amejua kuchoma. Unajua ni miaka ngapi mama yangu hajakula nyama kwa meza yangu? Jumapili ingine choma hizi za mama namna hii, na zile zingine za wageni vile kawaida."

Kwa hiyo sasa nikatakiwa kuchoma za aina mbili.

Wageni walipokwenda kutembea kuangalia ng'ombe, Cucu alivuta kiti chake karibu na jiko kuota makaa, maana jioni huku jua likishuka baridi ya mlima huingia mifupani hata miezi hii. Kiswahili chake ni kidogo.

"Wewe toka wapi?" akaniuliza.

"Natoka mbali, Cucu. Upande wa mlima ule mwingine, Elgon."

"Iko na bibi?"

"Niko naye."

"Iko na mtoto?"

"Wawili. Huyu wa pili sijamwona."

"Kwa nini hujaona?"

Nikaonyesha jiko kwa koleo. Akaangalia makaa, akaangalia aproni yangu. Mwanawe aliporudi na wageni, Cucu alimwita, wakazungumza kwa lugha yao, na yeye akawa anamnyooshea kidole. Sijawahi kuona mtu akimnyooshea Mwenyekiti kidole.

Nilijua kikongwe yule amenisemea, na amenisemea kwa nguvu. Mwenyekiti akaja akiwa ameinamisha kichwa.

"Mwarimu, umenifanya vibaya. Mbona hukuniambia ile kitu inakusumbua ni kukosa watoto wako?"

"Nilisema, Mwenyekiti."

"Hukusema hivyo. Sasa imekwisha. Baada ya wiki moja lori inaenda Kitale kuchukua mbegu ya mahindi. Kimani atapitia kwenu awalete wote. Nitakuongezea chumba kingine kwa ile nyumba. Nitawapa ng'ombe moja ya maziwa. Mtoto wako atasomea hapa. Mtakaa mpaka mzeeke."

Watu wakapiga makofi. Cucu alikuwa akitabasamu, kwa sababu alidhani amenifungulia mlango. Nikasema asante. Nilisema asante mbele ya watu wote, Mama Nasimiyu, na nilipofika nyumbani nikaketi kitandani bila kuwasha taa.

Nimelifikiri jambo hilo juma zima. Kuna saa nilisema, waache waje. Ningekuona. Ungeona kwa macho yako kwamba sina mwanamke. Ningemshika mvulana wangu. Maziwa yako hapa, shule iko hapa, nyumba haivuji. Ni nani atakayenielewa nikikataa? Lakini kila nikikuona akilini mwangu ukishuka katika lori hilo, naona pia msumari wa pili pembeni mwa ule wa kwanza, na aproni yako imetundikwa. Mama Wangui atakuomba siku moja tu umsaidie vyombo. Nasimiyu atatumwa chumvi. Na ukitaka kwenda kumzika mtu wenu, utauliza.

Leo ni Jumapili. Nilitoka kanisani nikaja moja kwa moja nyumbani, nikaketi mezani kukuandikia, nikauacha mlango wazi. Moshi ulipoanza kule juu mfanyakazi akaja kuniita, nikamwambia siendi. Akaja tena. Halafu akaja Mwenyekiti mwenyewe, kwa miguu, amevaa ile kofia yake ya kanisani. Akasimama mlangoni.

"Uko mgonjwa?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Unaandika nini?"

"Barua ya mke wangu. Kimani atampelekea."

"Vizuri. Mwambie asibebe vyombo, viko hapa."

"Ninamwambia asije."

Hakuelewa. Nikaona uso wake ukitafuta maana yake, kama mtoto darasani. Nikasimama, nikamwambia kwa heshima yote niliyolelewa nayo, "Mwenyekiti, umenitendea mema kuliko hata ndugu. Lakini mimi niliomba kwenda nyumbani. Sikuomba nyumbani kuletwe hapa. Nataka ile karatasi yangu iliyo katika koti lako. Na kuchoma, sitachoma tena."

Nilidhani atanitukana. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Wageni wameketi. Nani atachoma leo?"

"Sijui, Mwenyekiti."

Akageuka. Alipofika kwenye ua akasimama, akasema bila kunitazama, "Lori itaenda tu. Wacha mama ya watoto aamue mwenyewe. Yeye akikataa, mimi na wewe tutaongea mambo ya hiyo nyumba." Akapanda kilima pole pole. Ni mzee, na kilima ni kikali. Nilitaka kumfuata nimshike mkono. Sikumfuata.

Baadaye harufu ya nyama inayoungua ilishuka mpaka hapa mezani.

Sasa uamuzi uko kwako, na ni yeye aliyeuweka kwako, kwa sababu anajua mwanamke aliyejifungua juzi na hajamwona mumewe ataamua nini. Ukipanda lori hilo sitakulaumu. Nitakupokea kwa mikono miwili na nitakushukuru kwa kunionea huruma. Lakini nakuomba usipande. Mshukuru Kimani, mpe kuku amchukulie Cucu, na umwambie kwa upole kwamba kwenu ni huko. Shule zikifungwa Aprili nitatoka hapa alfajiri na sanduku langu, karatasi iwe imetiwa sahihi au haijatiwa. Huenda nitafika nikiwa mwalimu, huenda nitafika nikiwa mtu wa jembe. Huenda pia hiyo nyumba nitaambiwa niiache kabla ya Aprili, na hapo nitalala kwa mwalimu mwenzangu akinikubalia. Sijui. Naogopa, na sikufichi. Ila leo nimekaa katika kiti changu mchana kutwa, na hakuna mtu aliyekula kutoka mkononi mwangu.

Msalimie baba, umwambie nimesikia habari za kifua chake na anywe dawa aliyopewa asiifiche chini ya kitanda. Msalimie mama aliyekukanda mgongo. Msalimie ndugu yangu Simiyu anayelima shamba letu, mwambie aniachie ile sehemu ya mtoni bila kupanda. Mwambie dada yako kwamba najua ndiye aliyekutia yale maneno ya mwanamke mwingine, na kwamba simchukii. Mshike Nasimiyu shavu kwa niaba yangu. Gauni lake na blanketi ya mtoto viko katika mfuko alionao Kimani. Gauni huenda limekuwa dogo.

Mimi mumeo nisiyekuficha kitu,

Wafula, baba Nasimiyu